TAHADHARI: Usitoe advansi yadi ya magari kabla hujaona makaratasi

Ndugu zangu mnaotafuta gari hapa Dar, hasa nyie mnaonunua kwa mara ya kwanza na hela mmeichanga kwa shida, naomba msome hii yote kabla hamjamtumia seles hata shilingi moja. Sisemi yadi zote ni wezi, kuna watu nawajua wamenunua yadi na magari yao yanatembea vizuri mpaka leo. Naongelea mchezo mmoja uliomkuta mdogo wangu wa kike, na kila ninayemsimulia ananiambia hata mimi, hata shemeji yangu, hata bosi wetu kazini. Mchezo wa ADVANSI, yaani ile hela ya kutanguliza ili wakushikie gari.

Ipo hivi. Mdogo wangu ni nesi, anatoka shifti ya usiku kwahiyo alikuwa anatafuta kausafiri kadogo, hela ya kikoba ukijumlisha na mkopo wa kazini. Akaona tangazo Instagram, Toyota IST ya bluu, imeingia juzi kutoka Japani haijasajiliwa, milioni 14 na laki 8 pamoja na usajili. Kapiga simu, seles anamwambia njoo dada angu ipo. Kafika, ile ya bluu imeuzwa asubuhi ile ile, ila ipo ya silva "nzuri kuliko ile", kilometa elfu 71 tu, hiyo ni milioni 16 na nusu. Lile tangazo la bluu mpaka leo naandika hapa lipo hewani na watu wanaojibu "bei?" wanaambiwa njoo inbox. Haikuuzwa asubuhi, sina hata uhakika kama iliwahi kuwepo.

Sasa angalia wanavyokufunga. Wakati anaikagua ile silva kuna jamaa alikuwa anaizunguka huku anaongea na simu kwa sauti, mara anafungua boneti mara anapiga picha tairi, seles akamsogelea mdogo wangu akamwambia kwa sauti ya chini, huyo ana cash anamsubiri mke wake tu, ukitoa hata laki nane sasa hivi naiandika jina lako namwambia imeshaenda. Mtoto wa watu katoa. Kaitoa kwa simu, kwenye namba ya yule seles mwenyewe siyo ya kampuni. Yule jamaa mwenye cash nilikuja kumkuta pale pale yadi mimi mwenyewe, amevaa buti za mpira anaosha magari.

Risiti aliyopewa ninayo. Ni karatasi ya kile kitabu cha risiti cha kununua stationari, imeandikwa kwa kalamu advansi ya IST silva laki 8, chini imegongwa muhuri mwekundu kwa Kiingereza kwamba hela ikishalipwa hairudi. Haina chesisi namba, ile namba ya gari lenyewe iliyogongwa kwenye bodi. Haina bei ya gari. Haina tarehe ya kumalizia hela. Maana yake wao wanaweza kusema lolote kuhusu gari lolote la silva lililopo pale na we huna cha kuwaonyesha. Na siyo risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, TRA (mamlaka ya mapato) kila siku wanatangaza ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, pale wanakwambia ya mashine utapewa ukimaliza malipo yote.

Ndo akanipigia sasa, kaka nimepata gari njoo na fundi. Nikaenda na fundi wangu ambaye ametengeneza Toyota miaka mingi. Cha kwanza alichonionyesha ni pedali ya breki, mpira umelika upande wa kulia mpaka umekuwa laini kama kigae, gari la kilometa elfu 71 halifiki huko. Akafungua boneti, akainama karibu na boksi la chujio la hewa, akaniita nije na tochi ya simu. Kuna kistika kidogo cha kumwaga oili cha Kijapani, kimechubuka pembeni lakini namba zinasomeka, R4 mwezi wa 6, kilometa 128,340. Kwa wasiojua, Wajapani wanahesabu mwaka kwa enzi ya mfalme wao, enzi hii ya R ilianza 2019 kwahiyo R4 ni 2022, na zile zenye H ni za enzi iliyopita, H30 ni 2018. Yaani hilo gari mwaka 2022 lilishatembea 128 elfu huko kwao, leo lipo Dar linasoma 71. Kilometa zimerudishwa karibu nusu.

Nikamuuliza seles, jibu lake, braza hicho kistika kilikuja na boksi la gari lingine, walibadilisha huko huko Japani. Nikamwambia sawa, lete karatasi ya eksporti tuangalie. Hapo ndo maneno yalibadilika. Karatasi ipo kwa wakala, mara ipo TRA, mara bosi kasafiri nayo. Jamani hiyo karatasi ndo kila kitu kwa gari la Japani, cheti cha kuifuta gari kwenye usajili wa kule ili itoke nje, kina chesisi namba, mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Kule gari dogo linakaguliwa likifikisha miaka mitatu alafu kila baada ya miwili, kwahiyo kilometa zinaandikwa na serikali yao siyo na muuzaji. Yadi haiwezi kutoa gari bandarini bila nyaraka za gari, kwahiyo ukiambiwa haipo, usiamini. Ipo, hawataki uione.

Tukasema basi rudisheni hela. Wakatuonyesha muhuri. Alafu meneja, ambaye eti alikuwa kasafiri, akatokea chumba cha nyuma akaanza kutupigia hesabu mpya, kwamba tukilichukua lile lile atatupunguzia laki tatu, ila ile 16 na nusu haijajumlisha usajili wala hela ya "faili", na bima kubwa lazima tukate kwao. Ukijumlisha ilikuwa inapita milioni 18. Wakati sheria inakulazimisha kuwa na ile bima ndogo tu ya kumlipa mtu mwingine, hiyo kubwa ukiwa umelipa cash ni hiari yako na unakata popote. Mnaona advansi inavyofanya kazi? Kama mdogo wangu asingekuwa na laki nane yake pale, angegeuka akatoka getini. Lakini laki nane ya nesi siyo hela ya kuacha, kwahiyo anabaki pale ananyong'onyea, anakubali kidogo, anakubali tena kidogo, na wao wanajua hivo.

Kilichotusaidia ni picha. Fundi alikipiga picha kile kistika, na dashibodi, na chesisi, kabla hatujaanza kubishana. Nikamwambia meneja naenda nazo FCC, hiyo Tume ya Ushindani ipo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na muhuri wako wa hela hairudi hauwezi kuhalalisha uongo, na nikiwa njiani napita TRA nawaonyesha hii risiti ya kalamu. Alirudisha laki tano siku ile ile. Laki tatu kasema ni gharama za ofisi, tunaifuatilia na sitaiacha.

Sijawataja jina kwasababu malalamiko bado yako mezani, ila hata ningewataja isingewasaidia sana maana ukitoka kwao unakuta jirani yao anafanya hivo hivo.

Kwahiyo naomba mfanye hivi. Kabla hujatoka nyumbani ingia kwenye kile kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini uone kodi peke yake ni shilingi ngapi, gari likizidi miaka minane kodi inapanda zaidi. Ukijumlisha na bei ya Japani na meli ukakuta yadi inauza chini ya hapo, hilo tangazo ni la kukuita tu. Pia kuna matangazo yanaandika bei ya CIF kwa herufi ndogo, hiyo ni gari limefika bandarini tu, kodi hujaigusa.

Ukifika, gari liwe la baridi. Ukikuta wameshaliwasha wanakusubiri, rudi kesho bila kuwaambia, kuna milio na moshi vinaonekana asubuhi tu injini ikiwa imelala. Wakikuambia jaribu hapa hapa ndani ya yadi kataa, utoke nalo barabarani lipande gia zote. Fundi awe wa kwako kabisa, hata yule "fundi wa jirani hapo" ni mtu wao. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, ukikuta tope au ukungu hilo gari lilizama, na pale chini ya mkanda kuna lebo ya mwaka uliotengenezwa, linganisha na mwaka wanaokuambia.

Kama ni gari la namba D au E lililokwisha sajiliwa na kutumika hapa Bongo, omba kadi ya gari ORIJINO siyo picha ya WhatsApp, jina lililopo kwenye kadi ndo mtu wa kusaini mkataba wa mauziano. Wakisema kadi ipo benki au kwa mkopeshaji, acha, maana lile gari ni dhamana ya mtu na wataliokota likiwa kwako. Angalia namba ya gari kwenye TMS, ule mfumo wa polisi wa faini za barabarani, kama kuna faini, na deni la maegesho la TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), vyote vinaangaliwa kwa simu bure. Na uhamishe jina TRA mapema, usiseme nitahamisha nikipata nafasi.

Hizi za lipa nusu ondoka na gari, nyingine utamalizia, soma mkataba nyumbani na mtu anayejua Kiingereza cha mikataba. Wa jirani yetu nimeusoma, ukichelewa siku saba wanalichukua na ulicholipa chote kinahesabika ni kodi ya kutumia gari. Na GPS imefungwa, kwahiyo hawahangaiki kukutafuta.

Na kama ni lazima utoe advansi, ilipwe kwenye akaunti yenye jina la kampuni, karatasi iandikwe chesisi namba, bei kamili mpaka gari linatoka getini na namba zake, kilometa, na kwamba fundi wako akikuta tofauti hela inarudi yote. Seles anayekataa kuandika hayo, muage.

Wenye risiti za kalamu zenye ule muhuri mwekundu, msizitupe hata kama ni za mwaka jana. Nitumieni ujumbe na picha ya risiti, tuko watu kadhaa sasa tunataka kupeleka malalamiko FCC kwa pamoja.