Pasi na mabirika ya zamani Mji wa Kale: kipi cha kununua, kipi cha kuacha

Vifaa vya jiko la kuni vinavyouzwa kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji wa Kale wa Mombasa, hasa upande wa barabara ya Ndia Kuu, ni vya aina mbili: vinavyofaa mekoni na vya kupamba rafu tu. Usitegemee bei ikutofautishie. Vikishapakwa rangi nyeusi, vyote ni ndugu.

Kwa hiyo anza na hiyo rangi. Chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kilichotunzwa kina weusi uliofifia. Ukikikuta cheusi tititi na bado kinanuka rangi, kuna jambo limefichwa, na mara nyingi ni ufa. Kining'inize kwa uzi, ukigonge kwa ufunguo: kizima hulia mlio mrefu, chenye ufa hutoa sauti butu na kunyamaza hapo hapo. Kisha tazama skrubu. Zenye mfuo wa msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, basi pasi "ya enzi za Sultani" yenye skrubu hizo ama ni ya juzi ama imekarabatiwa. Muuzaji na aseme ni lipi.

Kwetu sisi, kinachostahili pesa zaidi ni pasi bapa, zile za chuma kitupu zisizotiwa makaa bali hupashwa juu ya jiko. Zenye jina la Kenrick au Siddons, viwanda vya West Bromwich, Uingereza, zina chuma kizuri. Namba iliyo mgongoni si kilo. Kila kiwanda kilikuwa na mpango wake, kwa hiyo pima kwa mkono. Simamisha rula kwenye uso wa chini, uitazame dhidi ya mwanga: mwanga ukipenya katikati, uso umeliwa na msasa wa mkono hautausawazisha. Nunua mbili, moja ipate moto huku nyingine ikifanya kazi, maana pasi hii haikai na moto muda mrefu.

Usiilaze juu ya makaa yenyewe, masizi yataishia kwenye kanzu. Weka chuma cha chapati juu ya jiko, kikolee, ndipo ulaze pasi. Kipande cha bati la paa hakifai kabisa: zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Pasi ikiwa tayari, tone la maji huchemka na kurukaruka. Ianzie kwenye kitambaa kikuukuu. Pamba inastahimili, buibui la poliesta litayeyuka.

Ukibahatika kuona pasi iliyochongoka pande zote mbili, yenye mpini wa mbao unaochomoka, hiyo ni ya mtindo wa Mary Florence Potts wa Marekani, aliyepata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1871. Jaribu komeo la mpini mara kadhaa, kwani springi ndiyo huchoka kwanza. Bila mpini wake, iache.

Pasi ya mkaa, ile ya jogoo, inahitaji bawaba ngumu na kifuniko kinachokaa sawasawa. Kikicheza, cheche hurukia leso. Jaza robo tatu kwa makaa yaliyoiva, yasiyo na moshi. Vifuu visivyochomwa vikawa mkaa vitaacha lami ndani. Yumbisha pasi nje kwanza ili jivu litoke matunduni, kisha isugue juu ya jani la mgomba, uso uteleze. Piga pasi penye madirisha wazi, maana hewa ya makaa huua bila kunuka.

Mabirika ya chuma yanapendeza, lakini si ya chai. Viungo vya mdomo na bati la ndani vya zamani vinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Katika nchi za baridi yaliachwa juu ya jiko kutwa kutia unyevu kwenye hewa kavu. Mombasa unyevu tunao wa kugawa. Koleo la makaa, kwa upande mwingine, nunua bila kusita. Kwa chetezo cha udi halina mfano, mradi ncha zake zinakutana.

Kutu ya upepo wa bahari itoe kwa siki na maji nusu kwa nusu. Kagua kila nusu saa, usilaze usiku kucha, kwa sababu asidi itaanza kula chuma chenyewe. Osha, kausha juu ya moto, paka mafuta kiasi cha kufuta kwa kitambaa. Mafuta ya nazi yamezoeleka lakini hayagandi yakawa utando mgumu, yanabaki ya kunata. Tumia alizeti au soya, halafu choma kifaa kwa saa moja kikiwa kimepinduliwa. Uso wa pasi usiutie mafuta, yatadoa nguo. Upake nta ya nyuki pasi ikiwa vuguvugu, futa, uiweke mahali penye hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki.