Holsta ya msimu wa kaskazi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Februari, saa nane mchana, foleni ya feri ya Likoni. Shati limegandamana na mgongo, na pale juu ya nyonga ya kulia kuna kitu kinawasha kama upele. Ndivyo nilivyoupitisha msimu wangu wa kwanza wa kaskazi na bastola kiunoni, ndani ya holsta, yaani mkoba wa kubebea bastola mwilini, ya ngozi nene niliyoinunua kwa kuwa ilipendeza macho. Nilipoivua jioni, ngozi ilikuwa imelowa hadi ndani, na kwenye pini na skrubu za bastola kulikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama punje za ulezi. Kutu. Jasho ni maji ya chumvi, na mimi nilikuwa nimekitia chuma kwenye maji ya chumvi kutwa nzima.

Namwandikia mwenye leseni anayeishi Mombasa, Kilifi, Lamu, Garissa au popote ambapo koti halivaliki. Asiye na leseni aanzie kwa bodi inayotoa leseni za silaha, si kwenye duka la holsta.

Raha ya holsta si jambo la anasa. Holsta inayokera hukufanya uigusaguse mbele za watu, na mkono unaorudi kiunoni kila dakika humwambia kila mtu ulichobeba. Kisha utaulegeza mkanda. Kisha siku moja utaiacha bastola chini ya kiti cha gari, "dakika tano tu", na kioo kikivunjwa, silaha uliyokabidhiwa wewe iko mikononi mwa jambazi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka mwenye cheti aihifadhi silaha yake mahali salama; chini ya kiti si mahali salama. Kwa hiyo holsta nimezipanga kwa kipimo kimoja: ipi utaivaa tangu asubuhi hadi usiku bila kutamani kuivua?

Kabla ya hapo kuna sharti lisilo na mjadala. Triga, yaani kifyatulio, lazima ifunikwe yote, na kitu kigumu. Jaribu hivi: toa magazini (kasha la risasi), vuta slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma), tazama chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), kisha tia kidole uhakikishe haina risasi. Ingiza bastola kwenye holsta, halafu bonyeza kwa dole gumba kutoka nje, pale triga ilipo. Ukihisi triga inasogea, irudishe kwa muuzaji. Kisha ipindue juu chini, juu ya godoro, uitikise, bastola isidondoke. Mwisho itoe, utazame mdomo wa holsta: ubaki wazi, usijikunje.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ni holsta ya Kydex inayovaliwa ndani ya suruali, yenye klipu moja na kinga ya jasho. Kydex ni plastiki ngumu inayofinyangwa kwa joto ifuate umbo la bastola. Hainywi jasho. Jioni unaiosha kwa maji na sabuni, unaifuta, basi. Kinga ya jasho ni ule ukuta unaopanda nyuma ya slaidi ukaitenga na mbavu zako. Dukani wengi hawaiulizi, na mimi siwezi kununua holsta isiyo nayo. Klipu moja ina faida mbili: inagusa sehemu ndogo ya mwili, na ukifika nyumbani unaichomoa kiunoni pamoja na bastola yake, ukaifungia kwenye sefu bila kuishika silaha yenyewe. LightTuck ya Vedder imetengenezwa kwa mtindo huo, na unaweza kuipandisha, kuishusha au kuilaza kwa kufungua skrubu. Bei ya holsta nzuri za aina hii huanzia kama dola 60 hadi 100 huko Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Vaa fulana nyepesi ya pamba chini yake. Najua, nguo ya pili kwenye joto lile inaonekana wazimu, lakini plastiki juu ya ngozi tupu itakuchubua kabla ya adhuhuri.

Ya pili ni Kydex hiyohiyo, ila ya kuvaliwa nje ya mkanda. Kwa ubaridi hakuna inayoishinda, maana upepo unapita kati yake na mwili. Ingekuwa ya kwanza kama sote tungevaa mashati mapana. Mwenye mashati ya kitenge yanayoachwa nje, yakashuka chini ya makalio, aanze na hii. Jipime mbele ya kioo: inua mikono kama unayechukua kitu juu ya rafu, kisha inama. Mdomo wa holsta ukichungulia, haikufai.

Ya tatu ni ya mtu wa kanzu, kaptura ya kamba au suruali ya michezo. Ipo mitambo yenye mkanda wake mwembamba unaofungwa mwilini chini ya nguo, holsta ngumu ikashikizwa hapo. Enigma ya PHLster ndiyo inayojulikana zaidi. Haihitaji mkanda wa suruali kabisa. Itakuchukua siku kadhaa kuirekebisha, na bei yake ni ya juu kuliko zile mbili. Kuitoa bastola chini ya kanzu kunataka mazoezi mengi uwanjani, chini ya mwalimu. Huna muda huo? Iache.

Ya nne ni ya mchanganyiko: mgongo wa ngozi au neopreni (mpira laini), mbele ganda la Kydex. Ni laini, mzigo unatandazika, na kwa mwenye kitambi huenda ikawa ndiyo afueni pekee. SuperTuck ya CrossBreed ni ya aina hii. Lakini mgongo ule ni mpana na unakaa juu ya mwili kama kiraka. Februari utakuwa unaukamua jasho.

Ya mfukoni nitaitaja tu: kwa bastola ndogo sana, mfuko usiwe na kingine chochote, hata ufunguo. Ya kifundo cha mguu na ya begani ni za nchi za baridi.

Na ngozi? Naipenda, lakini iwe ya Juni na Julai. Ikinywa jasho mwaka baada ya mwaka hulegea mdomoni, na mdomo uliolegea unaweza kujikunja ndani na kuibonyeza triga unaporudisha bastola. Kwa hiyo ukiona mkunjo huo usiitie mafuta, usiipeleke kwa fundi viatu. Ikate kwa kisu uitupe. Mkanda wa tumbo wa kitambaa usio na ganda gumu juu ya triga sinunui hata kwa bei ya bure, na kile kifuko cha nailoni "kinachoingia bastola zote" hakishiki hata moja.

Kuhusu bastola yenyewe, holsta hufinyangwa kwa modeli moja, kwa hiyo taja jina kamili unaponunua. Glock 19 ina upana wa milimita 34, Glock 43X milimita 28. Milimita hizo 6 hutazihisi dukani; utazihisi alasiri. Glock 19 ikiwa na risasi zake 15 hukaribia gramu 855, na uzito huo haubebwi na mkanda wa kawaida wa suruali. Tafuta mkanda mgumu wenye upana wa milimita 38, usiokunjika ukiukamata kwa ubavu. Nimeona watu watatu wakibadilisha holsta mara mbili mbili, na kosa lilikuwa mkanda.

Usiiache Kydex juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani: kilichofinyangwa kwa joto hupindwa na joto. Kila usiku futa bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa pini na skrubu. Na unapoirudisha kiunoni, inua fulana juu kabisa, tazama mdomo wa holsta, kidole mbali na triga, na uende polepole. Pindo la fulana lililolowa jasho hupenda kuingia mle ndani.