TAHADHARI: Muuzaji wa "waya wa resi oriji" wa Honda kubwa anauza nyaya za bodaboda zilizoungwa

Wakuu salaam. Wenye pikipiki kubwa za safari, hasa Transalp, Varadero, ST1300 na Africa Twin zile za mwanzo, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela ya waya wa resi.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kule Facebook, anajitambulisha kuwa anaagiza spea za Honda moja kwa moja kutoka Japani. Jina la ukurasa anabadilisha kila akishtukiwa, kwa hiyo hata nikilitaja leo kesho halitakusaidia. Mshike kwa tabia. Ukiuliza duka liko wapi anasema Gerezani, Kariakoo. Ukimwambia uko Msimbazi hapo unakuja kuchukua mwenyewe, ghafla yeye yupo stoo Tabata, au mzigo ameshaukabidhi kwa kijana wa basi. Bei yake haishangazi, na hapo ndipo ujanja wake ulipo: anaishusha kidogo tu chini ya gharama ya kuagiza nje, usije ukastuka. Hela anaitaka yote kabla, kwenye namba ya mtu binafsi, siyo Lipa Namba. Jina linalotokea kwenye muamala siyo alilokutajia. Ukihoji, ni la shemeji yake.

Na mzigo unafika kweli. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike. Angekuwa anakula hela na kuzima simu ningesema ni wale wale wa "tuma kwenye namba hii", tumeshawazoea. Huyu anakutumia kitu cha kufunga kwenye chombo kinachokwenda kilomita 100 na zaidi kwa saa, mwenzio yuko nyuma na maboksi yamejaa pande zote mbili.

Mimi nilichukua pea ya Transalp 700 nikijiandaa na safari ya Mbeya. Kikaja kifuko cha plastiki chenye lebo nyeupe, alama ya Honda, namba 17910-MFF. Kona ya lebo ilikuwa imenyanyuka. Nikaivuta kwa ukucha: chini yake kuna lebo nyingine, na herufi zake za kati zinaanza na K.

Kwa wasiojua namba za Honda: zile tarakimu tano za mwanzo zinataja ni kifaa gani. 17910 ni waya wa resi wa kwanza, 17920 ni mwenzake. Herufi tatu za kati ndiyo modeli. MFF ni Transalp 700, MBT ni Varadero 1000, MCS ni ST1300, MJP ni Africa Twin 1000. Pikipiki kubwa za Honda kwa kawaida herufi hizo zinaanza na M, ndogo zinaanza na K. Kwa hiyo kilichokuwa chini ya lebo yangu ni spea ya pikipiki ndogo, na hata hiyo sina imani kama Honda waliwahi kuiona.

Nikaupeleka kwa fundi tukaukagua mezani. Kwanza, nyaya zote mbili zilikuwa mapacha, vichwa vile vile, urefu ule ule. Kwenye pikipiki hizi mmoja unavuta na mwingine unarudisha, na huwezi kuuweka mmoja mahali pa mwenzake. Pili, katikati ya gamba, yaani ganda la nje linalofunika waya, kulikuwa na mpira mweusi uliobanwa kwa moto, eti kuzuia msuguano. Fundi akaupasua na wembe. Ndani kuna vipande viwili vya gamba la bodaboda vimekutanishwa kwenye kibomba cha chuma, ncha za gamba hazijasuguliwa, zimeacha meno kabisa. Ule mrija laini wa ndani, ambao waya unatelezea, umekatika pale pale kwenye kiungo. Kile kirisasi cha kichwani kimechomelewa kwa risasi ya kuungia redio. Tukakibana kwenye vaisi, fundi akavuta kwa plaizi mara moja tu, kikachomoka kama jino bovu.

Sasa fikiria hiyo ikiwa imefungwa. Unashuka Kitonga, unakata kona kali, usukani umegeuka, gamba limekunjwa pale pale lilipoungwa, waya unang'ang'ania kwenye meno ya chuma. Umeachia resi, lakini mafuta hayajafunga. Mbele yako kuna lori la tenka. Watu huniambia mbona springi itarudisha. Springi inarudisha waya unaoteleza, haing'oi waya uliokwama. Ule waya wa pili umewekwa ili mkono wako ufunge resi kwa nguvu springi ikishindwa, na huo nao ndio wenye kichwa kinachochomoka.

Nilipomrudia akanitumia sauti ya dakika nzima akisema fundi wangu hajawahi kushika pikipiki kubwa. Kisha akaniblock. Kumbe siko peke yangu. Mwenzetu mmoja wa Arusha ana pea ya ST1300 yenye mpira mweusi ule ule. Mwingine wa Dodoma alishafungiwa kabisa, kila akikata usukani kushoto injini inapanda yenyewe, na fundi wake akawa anahangaika na sensa.

Ukitaka kumpima muuzaji yeyote wa nyaya hizi, muulize kama ana waya wa resi wa BMW R1200GS ya 2015. Pikipiki hiyo haina. Tangu ilipotoka ile inayopozwa kwa maji mwaka 2013, resi yake ni ya umeme. Mimi nilimuuliza jamaa kwa laini nyingine. Akajibu upo, oriji, umebaki mmoja, na picha akanitumia.

Ambao mmeshafunga, msipande hadi mkague. Injini ikiwa imezimwa, zungusha resi uiachie, usukani ukiwa kulia, katikati, kushoto. Kote inatakiwa irudi yenyewe kwa kishindo, isijivute. Kisha washa, iache kwenye sailensi bila kugusa resi, geuza usukani mwisho hadi mwisho: mlio ukipanda hata kidogo, waya ni mfupi au umepitishwa vibaya. Honda huweka nafasi ya kucheza ya milimita 2 hadi 6 kwenye ukingo wa mshikio. Isipokuwepo, usitoke getini. Na ikikukuta barabarani, bana klachi na ubonyeze swichi nyekundu ya kuzimia. Usipoteze muda kupambana na resi.

Kuhusu hela, tusidanganyane, ukienda peke yako kituoni na kesi ya laki na ushee watakuangalia tu. Nendeni hata hivyo mchukue RB, ile namba ya taarifa ya polisi, maana bila hiyo hakuna pa kuanzia. Namba aliyotumia itumeni kwa ujumbe kwenda 15040, ni bure, ndiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakopokea namba za matapeli. Na kwa kuwa amebandika alama ya Honda kwenye kitu kisicho cha Honda, hiyo ni bidhaa bandia, nayo ni kazi ya Tume ya Ushindani. Huko ndiko tunakopeleka malalamiko kwa pamoja.

Kwa hiyo mwenye nyaya zake asizitupe wala asikubali kumrudishia hata akiahidi kulipa. Tunza kifuko, lebo zote mbili, muamala na mazungumzo yenu. Weka picha ya kile kiungo hapa chini, na useme ulilipa kwa jina gani.