Muvi za kununua msimu huu wa korosho: ipi inahimili sebule?

Malipo ya korosho yakishaingia, vibanda vya muvi vinajaa. Hapa Mtwara, kuanzia Chikongola hadi stendi ya Mkanaledi, utawakuta watu na flashi mkononi, na swali ni lile lile: "Kuna nini kipya?" Naamini swali hilo ndilo linalotupoteza. Vipya ni vingi. Cha kuuliza ni kipi kitawaweka watu sebuleni kwako mpaka mwisho, wasianze kuondoka mmoja mmoja.

Sifa nyingi za filamu tunazozisikia zimetoka kwa watu walioketi ukumbini, gizani, spika zikiwazunguka na hakuna anayepita mbele ya skrini. Kwetu Mikindani muvi inaangaliwa mlango ukiwa wazi. TV ni ya inchi 32, feni inavuma, mama anamenya ming'oko, na jirani anaingia katikati akitaka asimuliwe tulikoanzia. Filamu iliyosifiwa dunia nzima inaweza kufia hapo ndani ya nusu saa. Kwa hiyo nimezipanga kwa namna zinavyohimili sebule: hadithi ifuatike hata ukikosa dakika tano, mkubwa na mdogo waweze kukaa pamoja, na kama imetafsiriwa, sauti ya mtafsiri isizike kilicho bora ndani yake. Zote hizi nimeziangalia nyumbani, nyingine zaidi ya mara moja.

1. RRR (2022)

Kama una hela ya muvi moja tu, chukua hii. Wengi wanaiita ya Kihindi, lakini hasa ni ya Kitelugu, kutoka kusini mwa India, na mwongozaji wake ni S. S. Rajamouli. Ni India ya miaka ya 1920, chini ya Mwingereza. Mke wa gavana anamchukua mtoto wa kike kijijini kana kwamba anachukua kikapu sokoni, na Bheem anaingia Delhi kumtafuta. Huko anafanya urafiki na Raju, asijue kwamba Raju ni askari wa serikali anayemsaka yeye.

Tazama tukio la darajani. Treni imelipuka, mtoto amenaswa mtoni katikati ya moto. Mmoja juu ya farasi, mwingine juu ya pikipiki, kila mmoja anaruka upande wake wa daraja, wameunganishwa kwa kamba, wanapishana hewani na kumwokoa. Hakuna neno linalosemwa. Mama hakuhitaji mtafsiri, wala mwanangu wa miaka saba hakuhitaji. Huo ndio ubora wake mkubwa: jambo zito linaonyeshwa, halielezwi. Na ule wimbo wa kucheza, Naatu Naatu, uliotwaa Oscar ya wimbo bora mwaka 2023, ulipigwa picha mbele ya ikulu ya Kyiv, Ukraine, miezi michache kabla ya vita. Ukiujua ukweli huo, jumba lile la nyuma unaliangalia kwa jicho jingine.

Kasoro zipo. Raju na Bheem walikuwa watu halisi katika historia ya India, lakini hawakuwahi kukutana. Urafiki wote ni wa kubuni, kwa hiyo mtoto asiuchukue kama somo la historia. Wanawake wamepewa nafasi finyu, kazi yao kubwa ni kungoja. Kuna tukio refu la kuchapwa viboko ambalo wadogo ni afadhali watoke. Na inapita saa tatu, basi anza mapema kabla umeme haujakatika.

2. Vuta N'Kuvute (2021)

Hii ni yetu. Amil Shivji ameitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi, ambayo wengi tumeisoma shuleni, na ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Yasmin ni binti wa Kihindi wa Zanzibar miaka ya 1950. Anaikimbia ndoa ya kulazimishwa na mwanamume mzee, kisha anakutana na Denge, kijana anayepambana na ukoloni.

Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu moja nzito: mama yangu alisikia kila neno mwenyewe. Tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, tumezoea kupewa filamu kupitia mdomo wa mtu wa pili, na waliofanya kazi hiyo wametusaidia sana, lakini kuna kitu hubaki nyuma. Hapa hakikubaki. Kuna mahali mama aliacha kisu chake juu ya sinia akasema, "Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema." Picha nazo zimepigwa na mtu anayeujua mwanga wa pwani: vivuli vya vichochoroni, kanga, usiku wa samawati.

Lakini nisiifiche kasoro yake. Inakwenda polepole, na aliyesoma kitabu ataona mengi yamebanwa. Siasa inapungua uzito kadiri mapenzi yanavyopanda, na Denge tunamwona akipendwa kuliko tunavyomwona akifanya kazi ya chama. Watoto watatoka nje. Iangalieni watu wazima, usiku, feni imezimwa.

Na hii usiichukue kibandani. Nakala ya kibandani haimfikishii aliyeitengeneza hata senti, na watu wetu wanaotengeneza filamu kwa jasho namna hii ni wachache. Ikionyeshwa au ikiuzwa kwa njia halali, lipa.

3. The Woman King (2022)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wa Mikindani tuna la kusema kuliko wengi.

Viola Davis ni Nanisca, jemadari wa Agojie, jeshi la wanawake wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Ni mwaka 1823. Mapigano yake unayasikia mwilini: kucha zilizonolewa, mafuta ya ngozi, kamba, panga. Davis anabeba filamu kwa macho tu. Mdogo wangu wa kike aliiangalia akiwa amesimama, akasahau kukaa. Kwa nyumba yenye mabinti, hii ina thamani kubwa.

Ila kuna donda. Ndani ya filamu, Nanisca anamshawishi mfalme Ghezo aache kuuza watu ageukie mafuta ya mawese, na unatoka ukidhani Dahomey ilikuwa ngome ya ukombozi. Historia inasema vingine. Dahomey ilitajirika kwa kuuza mateka, Agojie wenyewe walishiriki kuwakamata, na chini ya Ghezo biashara hiyo iliendelea kwa miaka mingi baada ya 1823. Anayeishi mbali anaweza kuliona hilo dogo. Mimi napita kila siku karibu na lile jengo la kale la soko la watumwa hapa Mikindani, na najua watu waliofikishwa pwani hii walitembezwa kutoka bara, mara nyingi wakiwa wamekamatwa na Waafrika wenzao kabla ya kufikia mikono ya wageni. Filamu ilikuwa na nafasi ya kuusema ukweli huo mchungu, ikaugusa kwa ncha ya kidole, ikaondoka.

Inunue hata hivyo. Ikiisha, waambieni watoto sehemu iliyoachwa.

4. Mufasa: The Lion King (2024)

Kwa watoto ni hii. Barry Jenkins anasimulia jinsi Mufasa, simba yatima aliyechukuliwa na mafuriko, alivyookolewa na Taka, mtoto wa mfalme, wakawa ndugu, halafu udugu ukaoza. Nyasi, maji na manyoya vimetengenezwa kwa kompyuta kwa ustadi ambao hata kwenye TV ndogo unaonekana.

Sisi tunayo faida ambayo watazamaji wa Marekani hawana: majina tunayaelewa. Nchi wanayoitafuta inaitwa Milele. Mwanangu aliniuliza, "Baba, mtoto wa mfalme anaitwaje Taka?" Bibi yake akajibu kabla yangu: "Labda kwa sababu alitaka sana." Jibu hilo lina akili kuliko baadhi ya mazungumzo ya filamu yenyewe.

Udhaifu wake ni kwamba nyuso za simba halisi hazilii wala hazitabasamu, hivyo hata mahali pa uchungu unaona simba tu. Hadithi inakatwakatwa na wale wachekeshaji, Timon na Pumbaa, kila inaposhika moto. Nyimbo hazifikii zile za katuni ya 1994, na sauti ya mtafsiri ikizipanda juu hazibaki kabisa.

Tahadhari: mara ya kwanza niliuziwa filamu yenye jina la Mufasa, kumbe ndani ni The Lion King ya 2019. Mwenye kibanda alikuwa amebadilisha jina la faili tu. Watoto walitambua ndani ya dakika chache, kile kitoto cha simba kilipoinuliwa juu ya jabali. Nilirudi, nikaambiwa flashi ikishachomolewa hakuna madai.

5. Sinners (2025)

Kwa watu wazima peke yao, na ningeipandisha hadi nafasi ya pili kama ungekuwa na spika nzuri. Ryan Coogler ametupeleka Mississippi mwaka 1932. Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili, na baada ya robo saa unasahau kwamba ni mtu mmoja. Wanafungua ukumbi wa muziki, na usiku huo wanakuja wanyonya damu.

Kijana Sammie anapopiga gitaa, ndani ya ukumbi wanatokea wapiga ngoma wa Afrika ya zamani na vijana wa muziki wa miaka ambayo bado haijafika, wote wakicheza pamoja mpaka paa linawaka moto. Mama, ambaye hapendi mambo ya mashetani, aliinua kichwa akasema, "Hii ni ngoma kabisa." Aliyekulia kwenye sindimba haelezwi tukio lile. Sijaona filamu ya miaka hii iliyosema kwa picha moja kwamba waliokufa na ambao hawajazaliwa wanacheza uwanja mmoja nasi.

Baada ya hapo inashuka. Saa ya kwanza ni ndefu kwa asiye na subira, na vita vya mwisho havina jipya. Kuna matusi na mambo ya chumbani. Msizime majina yanapoanza kupanda, kwani kipande kikubwa cha mwisho kiko baada yake.

Zilizobaki mbili, kwa kifupi

John Wick: Chapter 4 (2023) itawatosha vijana. Maneno machache, mapigano ya ngazi za Paris yasiyosahaulika, hadithi nyembamba kama karatasi, karibu saa tatu.

Oppenheimer (2023) ilitwaa Oscar 7, na kwa sebule yetu naiweka mwisho. Ni watu wakiongea vyumbani kwa saa tatu, miaka ikirukaruka, rangi zikibadilika, majina ya wanasayansi yakimiminika. Mtafsiri hawezi kuyafikia. Hata kilele chake kinapotea. Bomu linapolipuka mwanga unatangulia na sauti inachelewa, kama fizikia inavyotaka, na ukimya ule ukumbini unasimamisha nywele. Kwetu jirani aliinuka kwenda kutikisa waya wa spika. Inunue kama utaiangalia peke yako, kwa hedifoni.

Kabla hujalipa

Mwambie muuzaji aicheze katikati, dakika ya sabini hivi, kwa sababu mwanzo huwa safi na ubovu huanza mbele. Ukiona kichwa cha mtu kinapita chini ya picha au unasikia kikohozi, hiyo ni ya kamera, imerekodiwa ukumbini. Ngoja iliyo safi. Faili likizidi GB 4 na flashi yako ni ya mfumo wa FAT32 (namna ya zamani ya kupanga faili), halitaingia, omba dogo zaidi. TV nyingi za zamani hazisomi faili za aina mpya: utaona picha bila sauti, au sauti bila picha. Mwambie mfano wa TV yako, na mkubaliane mapema, mbele ya watu, kwamba ikigoma nyumbani atakubadilishia.