PostgreSQL (programu ya hifadhidata): mpango uliohifadhiwa au kupanga upya kila mara?

Kwa mfumo wa mauzo ya mahindi unaorudia swali lilelile dogo kutwa nzima, swali lililoandaliwa mapema linashinda kwa kasi: seva haichambui tena maandishi yake. Utata uko kwenye mpango, yaani njia ambayo seva inachagua kutafuta data. Baada ya kuliendesha mara 5, PostgreSQL inaweza kuhamia mpango mmoja wa jumla, usioangalia thamani unayoulizia. Kama rekodi nyingi ni za soko la Kibaigwa na za soko la Mpwapwa ni chache, mpango huo huweza kupekua jedwali zima kutafuta magunia matatu. Hapo afadhali kupanga upya, ingawa prosesa italipa. Pima kila soko kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoendesha swali na kuonyesha mpango na muda wake, kabla ya kubishana; tangu toleo la 12, mpangilio wa plan_cache_mode hukuachia uchague aina ya mpango. Kimatunzo, kupanga upya hakuna usumbufu. Swali lililoandaliwa, kwa upande wake, hukaa ndani ya muunganisho wake na seva, na miunganisho ikiwa mingi kumbukumbu inaliwa.