Baa ya kuangalia hoki ya barafu ya vijana Halifax, Kanada: nyota 4 kati ya 5

Hii baa iko karibu na uwanja wa Scotiabank Centre, nilikuwa naendea hapo mechi za ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20 mwaka 2023, na kusema ukweli kwa mtu anayependa kuchambua vipaji sijaona pengine kama hapo. Skrini kubwa kila kona, ila raha yenyewe ni watu, maana wale jamaa hawahesabu magoli tu, wanamwangalia dogo hata akiwa hana kile kidude cha kuchezea (puck), anarudi kukaba au anasubiri tu aletewe?

Siku ya robo fainali Kanada na Slovakia ndo nilielewa. Ovataimu, Connor Bedard wa Kanada, miaka 17 tu, akakatiza mabeki akamlaza na kipa, 4-3, baa nzima ikalipuka. Lakini mzee wa meza ya jirani akaniambia, "Mdogo wangu, mwangalie na huyo kipa," na kweli Adam Gajan wa Slovakia alikuwa ameokoa mashuti zaidi ya 50, na mwaka uliotangulia hakuna timu ya NHL, ligi kubwa ya hoki Amerika Kaskazini, iliyomchagua kwenye drafti, ile siku timu zinapochagua vijana kwa zamu! Juni 2023 timu ya Chicago ikawabeba wote wawili kwenye drafti, Bedard wa kwanza kabisa, Gajan raundi ya pili.

Mabawa ya kuku matamu sana, pilipili yake inawasha haswa. Nyota nimekata moja sababu ya huduma, mkishakuwa wengi oda inachelewa mno. Mechi ya Kanada wahi saa moja kabla, la sivyo utasimama mpaka mwisho.