Hadithi zote za Sherlock Holmes katika jalada moja: hadithi nazipa nyota nne na nusu, kitabu chenyewe mbili

Mimi ni mlinzi wa usiku. Baada ya kuzunguka uzio mara moja napata kama saa nzima ya kukaa langoni, na saa hiyo ndiyo iliyonifunga kwa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini. Hadithi moja fupi inaingia humo na kuisha kabla sijachukua tochi tena. Nimeshaumaliza mkusanyiko huu mara tatu.

Nianze na kitabu kama kitabu, maana kimeniudhi. Kina riwaya 4 na hadithi fupi 56, zote katika jalada moja. Ukikiweka kifuani umelala, utaamka mbavu zinauma. Herufi ni ndogo kama mayai ya chawa. Gundi ya mgongoni iliachia kabla sijafika nusu, na kurasa zikachomoka, tena zile za The Speckled Band, ambayo ndiyo hadithi niliyokuwa nairudia kuliko zote. Sasa kitabu nimekifunga kwa mpira. Waliokichapisha niliwaandikia mara mbili, kimya.

Sasa hadithi zenyewe. Mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, alipoanza kuliandikia jarida la Strand mwaka 1891, alikuwa ameshaona kasoro moja ya hadithi za mfululizo: msomaji akikosa toleo moja tu, amepotea, na hana hamu tena ya kufuatilia. Akaamua mhusika awe yule yule kila mara, ila kila kisa kiishe hapo hapo. Kwa mtu wa langoni hiyo ni neema. Nikikatizwa na honi ya gari, sipotezi zaidi ya kisa kimoja.

Lakini hilo linaeleza nilivyoingia, halielezi kwa nini sijatoka. Mara ya tatu unasoma nini, na muuaji unamjua? Mafumbo yenyewe, nikisema kweli, mengine ni mepesi. Mimi narudi kwa ajili ya chumba kile cha Baker Street. Holmes anaweka tumbaku kwenye ncha ya sapatu. Barua ambazo hajazijibu amezidunga kwa kisu kwenye mbao ya juu ya meko. Siku akichoka kukaa anachukua bastola na kuupiga ukuta risasi mpaka zinatokea herufi za jina la malkia. Na pembeni yuko daktari Watson, mwenzake anayesimulia visa, analalamika kuhusu uchafu wote huo, na hahami.

Ni Watson anayenishika, si Holmes. Mtu anayejua kila kitu anachosha haraka, labda asimuliwe na mwenzake anayempenda na kukerwa naye kwa wakati mmoja. Kuna mahali katika riwaya ya kwanza Watson anagundua kwamba mpelelezi wake hajui hata kama dunia inalizunguka jua. Anashangaa, nawe unashangaa naye. Ndiyo maana hata Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, hatembei peke yake; ana Najum wake.

Anayebisha asome The Blanched Soldier na The Lion's Mane, zote za 1926, ambazo Holmes anasimulia mwenyewe. Akili ni ile ile, maneno ni mengi, ila chumba kimepoa. Kinachochekesha ni kwamba katika ile ya kwanza Holmes mwenyewe anakiri, baada ya kushika kalamu, kwamba kumbe kisa lazima kipambwe ili msomaji avutike. Miaka yote alikuwa akimsema Watson kwa kosa hilo hilo. Ile ya The Mazarin Stone, inayosimuliwa na mtu wa nje, naipita tu siku hizi.

Makosa yamo, tena ya waziwazi. Jeraha la vita la Watson liko begani katika riwaya ya kwanza. Katika ya pili limehamia mguuni. Yeye ni John, lakini kuna hadithi mkewe anamwita James. Nilipoligundua la jeraha nilicheka peke yangu usiku wa manane, nikarudi nyuma kuhakikisha. Halikunipunguzia mapenzi hata kidogo. Uvivu ndio siusamehi, na visa kadhaa vya mwishoni, vilivyokusanywa 1927, vina harufu ya mtu aliyechoka.

Na Doyle alichoka kweli. Mwaka 1893 alimwua Holmes kwenye maporomoko ya maji, kwa sababu alitaka kuheshimiwa kwa riwaya zake za historia. Wasomaji hawakukubali, na mwaka 1903 akamfufua kwa maelezo kwamba hakuanguka kwenye yale maporomoko. Nami, kwa uungwana, niliitafuta The White Company, mojawapo ya riwaya alizozithamini. Nilifika ukurasa wa arobaini hivi nikaifunga. Mwandishi ni yule yule! Hapo ndipo nilipotambua kwamba jina la Doyle kwenye jalada si kitu kwangu. Nafuata sauti ya yule daktari.

Ukitaka kuanza, usianze na A Study in Scarlet ingawa ndiyo ya kwanza, ya 1887. Katikati hadithi inahamia Marekani na Holmes anapotea sura kadhaa bila kuaga. Anza na zile 12 za kwanza za Strand, na utafute vitabu vidogo vidogo, si tofali hili.

Mwenzangu wa zamu ya mchana, mzee aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi kama bado niko na "huyo mvuta kiko wako", aliazima zile kurasa zilizochomoka. Hajazirudisha. Juzi ameniuliza kama kuna nyingine zimelegea.